VIATU VYA KAZI KAZINI, VIATU VYEPESI SAFARINI



Mara nyingi ukurasa huu umesema juu ya viatu vya usalama. Leo tunataka kusema juu ya viatu unavyovaa ukiwa umetoka kazini, siku ile unapotembea mbali kwa miguu: kwenda shambani, kwenda kuchuma uyoga porini, kwenda kutembelea jamaa katika kijiji cha mbali, au kupanda mlima pamoja na vijana siku ya mapumziko. Labda utauliza: jambo hilo linaihusu kompani kwa njia gani? Soma kwanza, utaona.

Tumfuate mfanyakazi mmoja. Jina lake usiulize, kwa kuwa yuko katika kila kampi, na labda wewe unamjua vizuri kuliko sisi. Siku ya Jumapili anaamka mapema. Shamba lake liko kilomita 6 kutoka kampi. Kwenda na kurudi ni kilomita 12. Anavaa nini miguuni? Anavaa viatu vyake vya kazi, vile vizito vyenye chuma mbele. Anasema: «Hivi ni viatu vya nguvu. Haviogopi mawe, haviogopi maji, tena sikuvinunua kwa mfuko wangu.» Nyuma yake anakuja mke wake na kandambili, naye ndiye atakayerudi na mzigo wa mihogo kichwani.

Njiani mvua inawapiga. Wanavuka kijito, maji yanaingia ndani ya viatu kwa juu. Saa zote zinazobaki baba huyo anatembea na maji ndani ya viatu, kila hatua inalia kama chura. Jioni anavua soksi: kisigino kimechubuka, ngozi imetoka. Jumatatu asubuhi viatu havijakauka, lakini hana vingine. Anavivaa hivyo hivyo. Kwa sababu kisigino kinamuuma, anaziacha kamba bila kuzifunga. Anashuka ngazi kazini huku anachechemea. Mtu anayechechemea hatazami mashine inayorudi nyuma, hatazami jiwe lililolegea juu ya kichwa chake; mawazo yake yote yako kwenye kisigino. Akianguka siku hiyo, kapita ataandika kwamba ajali ilitokea Jumatatu. Kweli ilianza Jumapili, katika njia ya shambani.

Ndiyo sababu tunasema: kwa kazi kuna kiatu chake, na kwa safari ya miguu kuna kiatu chake.

KIATU CHA KAZI NI KIZITO KWA SABABU

Usidhani tunataka kukidharau kiatu cha usalama. Hata kidogo! Uzito wake una maana. Katika ncha yake mna kofia ya chuma, au ya kitu kingine kigumu, inayolinda vidole. Kwa kipimo cha kimataifa kinachofuatwa leo, kofia hiyo inapaswa kuvumilia pigo la juli 200. Ni kama kitu cha kilo 20 kinachoanguka kutoka urefu wa mita 1. Viatu vingi vya kazi vina pia bamba ndani ya soli, ili msumari usipenye, na ngozi nene inayopinga mafuta na vitu vikali.

Kwa hiyo anayeingia mgodini, kiwandani au garaji na viatu vyepesi vya turubai anacheza na vidole vyake. Hata kama ni kwa dakika 5. Hata kama «ninapita tu kuchukua chombo». Jambo hili halina majadiliano.

Lakini huko porini hakuna chuma cha kilo 20 kinachoning'inia juu ya vidole vyako. Huko kuna adui wengine: urefu wa njia, jasho, maji na uchovu. Juu ya adui hao chuma hakisaidii kitu. Kinaongeza mzigo tu.

HESABU YA UZITO

Weka kiatu chako kimoja cha kazi juu ya mizani. Vingi vina uzito wa karibu gramu 900. Bote ya mpira yenye chuma ndani yaweza kupita kilo 1. Sasa pima kiatu kimoja chepesi cha kutembelea, cha turubai au cha kitambaa chenye soli ya mpira: mara nyingi ni gramu 300 au 400. Tuseme tofauti ni gramu 500, nusu ya kilo. Utasema: nusu ya kilo ni nini kwa mwanaume anayebeba mifuko ya simenti?

Tufanye hesabu pamoja. Mtu mzima anayetembea kilomita 12 anapiga karibu hatua 18 000. Kwa kila hatua anainua mguu mmoja. Kama kila mguu umebeba nusu ya kilo zaidi, basi nusu ya kilo mara 18 000 ni kilo 9 000. Ni tani 9! Wewe unayefanya kazi ya madini unajua tani 9 ni nini. Umeziinua zote kwa nyama za mapaja yako, kidogo kidogo, siku ambayo ulisema unapumzika.

Tena, uzito wa mguuni haufanani na uzito wa mgongoni. Mgongo unabeba mzigo bila kuutupa mbele na nyuma. Mguu unauinua, unautupa mbele, unausimamisha, na kuanza tena. Wataalamu waliopima pumzi za watu wanaotembea, katika miaka ya 1960 na tena katika miaka ya 1980, walikuta kwamba kilo moja miguuni inachosha mwili kama kilo 4 mpaka 6 mgongoni. Kwa hiyo mwenye kuvaa viatu vilivyozidi kilo 1 kwa jozi ni kama mtu aliyetia mfuko wa kilo 5 wa unga mgongoni kabla ya kutoka nyumbani, akaubeba kwenda na kurudi, bila kupika bukari yake.

Na uchovu huzaa ajali. Mguu uliochoka hauinuki vizuri. Unagonga mzizi, unateleza kwenye jiwe, unakanyaga vibaya. Watu wengi huumia wakati wa kurudi, nyumba ikiwa karibu kuonekana.

KIATU KISICHOPITISHA MAJI: RAFIKI AU ADUI?

Hapa wengi watashangaa. Kila mtu anataka kiatu kisichopitisha maji. Fundi anakisifu, muuzaji anaongeza bei. Lakini fikiri kidogo.

Kiatu kinachozuia maji yasiingie kinazuia pia maji yasitoke. Na maji hayatoki nje peke yake. Nyayo za mtu ni mojawapo ya sehemu za mwili zenye vishimo vingi vya jasho. Ukitembea saa 3 wakati wa joto, mguu unatoa maji yake wenyewe. Katika bote ya mpira jasho hilo halina njia. Soksi inalowa, ngozi inakuwa nyeupe na laini kama ya mama aliyefua nguo mchana kutwa. Ngozi laini ikisuguliwa inatoka mara moja.

Halafu kuna tundu moja ambalo hakuna fundi anayeweza kuliziba: lile ambalo mguu unapitia. Mvua ya kwetu Katanga, toka Novemba mpaka Machi, si manyunyu. Inashuka katika mguu wa suruali mpaka kwenye soksi. Majani marefu yenye umande yanafanya vile vile. Na ukivuka kijito kilicho kirefu kuliko bote, bote imekwisha kuwa ndoo.

Kiatu chepesi cha kitambaa kinapitisha maji, kweli. Ukikanyaga dimbwi utalowa. Lakini maji yale yale yaliyoingia yanatoka unapotembea, kwa sababu kila hatua inakamua kitambaa kama mkono unavyokamua nguo. Jua likitoka, baada ya muda mguu umeanza kukauka. Kiatu kizito cha ngozi kikilowa mpaka ndani kinaweza kuchukua siku 2 au zaidi. Usitafute kukaa mkavu siku nzima ya mvua, hutaweza. Tafuta kiatu kitakachokauka upesi.

«LAKINI KIATU KIREFU KINASHIKA KIFUNDO»

Ndiyo maneno tunayosikia kila mara: kiatu kirefu kinazuia mguu usiteguke. Kuna ukweli mdogo ndani yake, lakini si kama watu wanavyofikiri. Mwaka 1993, huko Marekani, ulitolewa uchunguzi juu ya wachezaji wa basketi zaidi ya 500. Wengine walipewa viatu virefu, wengine vifupi. Mwishoni haikuonekana tofauti kubwa kati yao katika kuteguka vifundo. Uwanja wa basketi si njia ya mawe, hilo tunalikubali. Lakini uchunguzi huo unatuonya tusiweke imani yote katika urefu wa kiatu.

Kitu kinacholinda kifundo zaidi ni nyama na mishipa ya mguu wenyewe, na macho yanayotazama unapokanyaga. Katika kiatu chepesi chenye soli isiyo nene sana, mguu unasikia jiwe mapema na kujirekebisha. Katika soli nene na ngumu, mguu ni kama mtu aliyefungwa macho. Unaweza kuvipa vifundo nguvu nyumbani: simama kwa mguu mmoja muda wa nusu dakika, kisha ubadilishe, mara kadhaa kila siku. Watoto watakucheka siku ya kwanza. Waambie nao wajaribu.

Lakini kama ulikwisha kuteguka sana zamani, na kifundo chako kinalegea mara kwa mara, enda kwa munganga kwanza. Wewe labda unahitaji bandeji au kiatu cha namna yake.

BIBI ALIYETEMBEA KILOMITA 3 300

Kwa wale wanaosema kwamba safari ndefu inataka viatu vya askari, tuwape habari ya bibi mmoja wa Marekani. Jina lake lilikuwa Emma Gatewood, mama wa watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima inayoitwa Appalachian Trail, kutoka jimbo la Georgia kusini mpaka jimbo la Maine kaskazini. Ni kama kilomita 3 300, za kupanda na kushuka, mvua na jua. Begani alikuwa na mfuko aliojishonea mwenyewe. Miguuni alikuwa na viatu vyepesi vya turubai. Vilipochakaa alivaa vingine, mpaka jozi kadhaa zikaisha. Mwaka 1957 akairudia njia hiyo tena.

Hatukuambii ufanye kama yeye. Tunakuonyesha tu kwamba nguvu ya safari haimo katika uzito wa kiatu. Siku hizi watembezi wengi wa mbali, katika nchi nyingi, wameacha viatu vizito na kufuata njia ya bibi huyo.

PAHALI AMBAPO KIATU CHEPESI HAKIFAI

Mshauri mwema hasemi upande mmoja tu. Basi angalia sana mambo haya:

Nyoka. Nyoka wengi humuuma mtu kwenye mguu, chini ya goti. Kama unakwenda kufyeka majani marefu, au kupita penye majani usiku, vaa bote ndefu na suruali. Chukua taa, na fimbo ya kugonga mbele yako. Kiatu chepesi ni cha njia iliyo wazi, mchana. Na kama nyoka amemuuma mtu: usikate kidonda, usinyonye damu, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze saa kwa kubandika jiwe jeusi, kwa sababu jiwe jeusi halitoi sumu. Mlaze, mtulize, fungia mguu kijiti usitikisike, mpeleke lopitali upesi.

Maji yaliyosimama. Bilharzia inaingia kwa ngozi, na kitambaa kilicholowa hakiizuii. Kwa hiyo usiingie na viatu vya turubai katika bwawa, katika mfereji wa taratibu au katika shamba la mpunga. Tafuta daraja, au vaa bote za mpira kama maji ni mafupi kuliko bote. Aliyezoea kuvua samaki au kulima bondeni amwombe munganga amchunguze.

Mabaki ya mgodi na vyuma vya kale. Usipite juu ya milima ya mawe ya mgodi, wala penye misumari na chuma kilichotupwa, ili ufupishe njia. Soli nyepesi inapenyeka. Kidonda cha msumari, hata kidogo, kinaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua. Osha kwa maji na sabuni, halafu enda dispanseri siku ile ile, waangalie kama sindano yako ya kukinga bado ina nguvu.

Ugonjwa wa sukari. Mwenye ugonjwa huu mara nyingine hasikii maumivu miguuni. Changarawe ndogo ndani ya kiatu inaweza kumletea kidonda kisichopona, na mwisho kukatwa mguu. Apige kiatu chini kila mara kabla ya kuvaa, atazame nyayo zake kila jioni, na kuuliza munganga kabla ya safari ndefu.

Na pekupeku? Hapana. Mwenda bila viatu hukaribisha funza, miiba, na minyoo ya safura inayoingia kwa ngozi ya nyayo. Kandambili nazo ni za nyumbani na za bafuni. Hazishiki kisigino, na mtu mwenye mzigo kichwani akiteleza nazo anaanguka na mzigo wake wote.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sokoni viatu ni vingi, vipya na vya kuvaliwa kwanza na wengine. Usivutwe na rangi. Fuata mambo haya 7:

1. Nunua saa za jioni. Mchana mguu unavimba kidogo. Kiatu kilichokutosha asubuhi kitakubana safarini.

2. Vaa soksi utakazotembea nazo. Simama. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba. Katika mteremko mguu unakwenda mbele. Bila nafasi hiyo kucha zitakuwa nyeusi.

3. Kisigino kisipande wala kushuka. Tembea dukani, panda ngazi kama ipo. Pale kinapocheza ndipo lengelenge litakapoota.

4. Toa soli ya ndani, uiweke chini, usimame juu yake. Mguu ukimwagika pembeni, kiatu ni chembamba mno kwako. Usiamini muuzaji anayesema «kitafunguka».

5. Kunja kiatu kwa mikono. Kinapaswa kujikunja pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati kama chapati, ni kibovu. Kisipojikunja kabisa, kitakuchosha.

6. Tazama soli. Iwe na meno ya kushika udongo, na mpira usiteleze. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama sabuni. Kiatu cha kale chenye soli iliyolainika kiache sokoni.

7. Tazama kitambaa. Kiweke mbele ya mdomo, upulize. Pumzi ikipita, jasho nalo litapita.

Bei ya juu si dalili ya uzuri. Kiatu cha bei ya kadiri kinachokutosha kinashinda kiatu cha fahari kinachokubana. Ujue pia kwamba kiatu chepesi kinachakaa mapema kuliko kizito. Weka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya jozi inayofuata.

Hapa tunasema neno moja na akina baba. Katika nyumba nyingi jozi ya kwanza inanunuliwa kwa baba, ambaye kompani imekwisha kumpa viatu. Mama, anayebeba mihogo, makaa na mtoto mgongoni, anabaki na kandambili. Ukipata franka za jozi moja tu, anza na yule mwenye mzigo. Na watoto usiwanunulie viatu vikubwa sana ili «wakue navyo». Watajikwaa na kuchubuka.

KABLA, NJIANI NA BAADAYE

Kabla ya safari: usianze na kilomita 20. Mguu uliozoea soli ngumu kwa miaka mingi unahitaji kujifunza kazi yake tena. Juma la kwanza tembea nusu saa, halafu saa moja, ukiongeza kidogo kidogo. Nyama ya nyuma ya mguu ikiuma sana, punguza. Kata kucha, zisiwe ndefu. Soksi zisiwe na tundu wala mshono mnene, na ubebe jozi moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Soksi nene za pamba zinakunywa maji na kuyashika. Za sufu, au za nyuzi nyepesi kama za wachezaji wa mpira, ni bora.

Njiani: sikia mguu wako. Kabla ya lengelenge kuna joto. Pahali padogo panaanza kuwaka. Simama hapo hapo! Usiseme «nitavumilia mpaka shambani». Vua, toa mchanga, kausha, bandika sparadra, badilisha soksi, funga kamba upya. Dakika 5 hizo zinaokoa juma zima. Kama lengelenge limekwisha kuota na ni dogo, usilipasue. Ile ngozi ni kifuniko safi cha bure. Likipasuka lenyewe, osha kwa sabuni na maji safi, funika. Ukiona usaha, wekundu unaopanda, au homa, enda dispanseri.

Mkipumzika, vueni viatu miguu ipate hewa. Kabla ya kuvaa tena, pinda kiatu chini na kukigonga: nge hupenda kivuli.

Baadaye: osha miguu na kukausha kati ya vidole, maana kuvu inapenda pahali penye unyevu. Viatu vyepesi vioshe kwa maji, toa soli ya ndani, jaza karatasi ndani, uvianike kivulini penye upepo. Usivitie karibu na mbabula, kwa sababu moto unayeyusha gundi na soli inaachana. Kwa karatasi, hata gazeti hili linafaa, ukishalisoma.

FAIDA MOJA ZAIDI, KWA WATOTO

Viatu vya kazi vikibaki kazini, au nje ya mlango, na vumbi lake linabaki huko. Vumbi la shaba, la kobalti na la madini mengine linaingia nyumbani kwa soli na kwa nguo. Mtoto anayetambaa anaweka mikono sakafuni, halafu kinywani. Basi mwenye jozi ya pili ya kutembelea haokoi kisigino chake tu. Anakinga na wadogo wake.

Kwa kumaliza, turudi kwa yule mfanyakazi wa mwanzo. Jumapili nyingine anatoka na viatu vyake vyepesi. Mama naye ana vyake, kandambili zimebaki nyumbani. Mvua inawapiga, wanalowa kama watu wote. Wanarudi, wanaosha miguu, wanaanika viatu. Jumatatu asubuhi anakwenda kazini na miguu mizima. Viatu vyake vya usalama vinamngoja, vikavu. Anafunga kamba mpaka juu, anavaa kofia yake, anashuka ngazi, na macho yake yanatazama kazi.

Ndugu mfanyakazi, jioni ya leo, kabla ya kulala, tazama visigino vyako na vya mke wako. Vitakuambia kama mnahitaji kusoma ukurasa huu mara ya pili.

MIGUU MIZIMA JUMAPILI, KAZI SALAMA JUMATATU!